Inabeba wangapi? Watu wa Kisumu na skuta yangu ya stima

Swali huwa ni moja, na linakuja kabla hata ya bei. Mtu anaangalia skuta juu mpaka chini, anaangalia ule ubao wa kusimamia, ananiangalia mimi, halafu anauliza, "Na inabeba wangapi?" Nikisema mmoja tu ananyamaza kidogo kisha anasema "aaah", ile aaah ya mtu aliyeambiwa chakula kiko lakini kimepimwa. Hapo ndio sasa anakumbuka kuuliza spidi na betri na ilitoka wapi, lakini uso umeshabadilika, na mimi nimeshajua amenipa maksi ngapi.

Naendesha hii skuta kutoka Manyatta mpaka kazini tao, muda umetosha hadi watu wa njia yangu wamenizoea, na nataka kuandika vile watu wanaipokea kwa sababu naamini kuna kitu wanasema hapa kwetu ambacho wale wanaotengeneza hivi vyombo hawajakisikia vizuri.

Kwa ambaye hajaiona, ni ile skuta ya kusimama, watoto wetu huunda kama hiyo na mbao na beringi za gari, ila hii ni ya bati gumu, inakunjika katikati, ina magurudumu mawili ya inchi nane na nusu, betri imelala chini ya ubao na mota imo ndani ya gurudumu la mbele. Hakuna cheni wala pedali. Unasukuma na mguu mara moja mbili ndio mota ikubali kushika, unabonyeza na kidole gumba, inaenda, mwisho wake kilomita 25 kwa saa. Haifiki hata kilo 13 kwa hivyo nikifika ofisini naikunja naipandisha ngazi na mkono mmoja. Aina hii ilianza kutoka China mwishoni mwa 2016, na mwaka uliofuata kampuni moja kule Santa Monica, Marekani, ikaanza kuzimwaga barabarani za kukodisha na simu, hapo ndio dunia ikazijua.

Sasa ili uelewe kwa nini mtu wa Kisumu anauliza inabeba wangapi, angalia vyombo vilivyoingia huku vikakubalika. Bodaboda za baiskeli zilianzia Busia pale mpakani miaka ya 1960, watu wakivushwa na mizigo yao kati ya Kenya na Uganda, baadaye zikaenea mpaka Kisumu ikajaa, ile baiskeli nyeusi ya kiti cha sponji nyuma, mama ameketi upande, gunia mapajani, na mtoto amebanwa mahali hapo katikati. Huyo mtoto nilikuwa mimi, tukitoka soko la Kibuye na omena. Halafu mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya 250cc, zikaingia za India na za China, na ndani ya miaka michache baiskeli za abiria zikafagiwa. Pikipiki hapa inabeba mgonjwa usiku, inabeba sofa, inabeba jeneza, inabeba watoto wanne wa nasari na mabegi yao. Tuktuk nayo imepangwa ya watatu na sote tunajua hubeba wangapi. Kwa hivyo mtu wa hapa akiona chombo kipya anakipima hivyo hivyo, kitanisaidia nini mimi na jirani yangu, na kama jibu ni kwamba kinamsaidia aliyepanda peke yake basi hicho ni kitu cha raha, kama miwani ya jua.

Huko nje malalamiko yalikuwa mengine kabisa. Tarehe 3 Desemba 2001 pale New York, mvumbuzi Dean Kamen alionyesha Segway, chombo chake cha umeme cha kusimama, kwenye televisheni ya asubuhi, baada ya karibu mwaka mzima wa fununu kwamba kuna kitu cha siri kinakuja ambacho kitafanya miji ijengwe upya. Watu walikuwa wamengojea muujiza, wakaonyeshwa mtu amesimama wima juu ya magurudumu mawili, bei karibu dola 5,000, uzito zaidi ya kilo 35, spidi kama kilomita 20 kwa saa. San Francisco ikapiga marufuku kwenye njia za waenda kwa miguu hata kabla watu hawajaizoea. Ikichekwa kwenye filamu, ikichekwa kwenye vipindi vya usiku. Mpaka inaacha kutengenezwa mwaka wa 2020 zilikuwa zimeuzwa kama 140,000 hivi dunia nzima, na nyingi ziliishia kwa polisi, walinzi na watalii. Wengi husema bei ndio iliiua, na bei kweli ilikuwa mbaya, lakini ukiangalia picha za wakati ule unaona kitu kingine, mtu ameinuliwa juu ya wenzake, hatoki jasho, wengine wote wanampisha, na hana nafasi ya mtu mwingine. Mashine yenyewe ilikuwa kazi ya akili ya ajabu, mpaka leo namheshimu aliyeiunda, lakini watu barabarani hawakuona akili, waliona mtu aliyekataa kutembea nao.

Kwa ploti yetu shida ya kwanza ilikuwa stima. Tuko milango minne kwa mita moja, tunachanga tokeni, na siku nilipochomeka chaja jirani wangu wa mlango wa pili, mama wa watoto watatu ambaye hajawahi kuchelewesha mchango wake hata mara moja, alisimama mlangoni akaniambia taratibu kabisa, "Sasa dada, hiyo pikipiki yako tutakuwa tunailisha sisi wote?" Swali la haki. Tukakubaliana tupime. Jioni kila mtu akazima vyake, tukaandika namba iliyo kwa mita, nikachaji kutoka chini mpaka ikajaa, tukasoma tena, yuniti zilikuwa zimepungua kama theluthi moja ya yuniti. Ukiweka kodi na kila kitu hiyo ni chini ya shilingi kumi. Pasi ya wati 1000 ikikaa kwa moto dakika 20 inakula hivyo hivyo, na pasi hakuna mtu huitisha mkutano juu yake. Sasa naongeza kitu kidogo kwa mchango na maneno yakaisha.

Maneno ya stima yaliisha lakini ya moto hayakuisha, na sitaki yaishe. Kuna aliyeona video ya betri ikilipuka ndani ya nyumba huko ng'ambo akaja kuniuliza, na wapo watu wangemwona mshamba, mimi namwona mwenye akili. New York peke yake mwaka wa 2023 watu 18 walikufa kwa mioto ya betri za lithiamu, nyingi za baiskeli na skuta kama hizi. Nyumba zetu ni za mlango mmoja. Kwa hivyo sichaji usiku watu wakiwa wamelala, sichaji ikiwa imesimama kati ya kitanda na mlango, na chaja ni ile ile iliyokuja nayo, hata ikiharibika siwezi kuazima ya mtu kwa sababu tu kichwa kimeingia.

Watu wa steji ya bodaboda ndio nilikuwa nawaogopa zaidi, kusema ukweli, wale wa Kondele hasa, maana shilingi mia yangu ya kila siku, mvua ikinyesha zaidi, ilikuwa inaenda kwao. Lakini hawakunichukia. Walikuja wakaizunguka, mmoja akainama akatafuta tanki ya mafuta, mwingine akauliza inakula nini nikamwambia inakula Sondu Miriu, maana zile megawati 60 za umeme wa maji ziko hapo tu nyuma ya Kano, wakacheka, halafu likaja lile swali. "Unaeza beba kastoma?" Hapana. Na hapo hapo ukaona wanarudi kwa pikipiki zao mmoja mmoja, hakuna hasira, hakuna wivu, ni kwamba kitu hakina kazi. Aliyebaki ni kijana mmoja wa pikipiki ya umeme, zile za kubadilisha betri kwa kituo, ameacha petroli. Yeye hakuuliza inabeba wangapi. Aliweka mkono chini ya ubao akasikiliza joto, akaniambia, "Siste, usiiweke kwa jua ukifika, na usingoje iishe kabisa ndio uchaji, hizi zinakufa mapema ukizikausha." Ndio maneno ya maana niliyowahi kupewa kuhusu hii skuta, na yametoka kwa mtu ambaye kwa hesabu ya kawaida mimi ni biashara aliyopoteza.

Mimi ni mwanamke na hiyo ni nusu ya hadithi. Mwanaume akipita na hii skuta anaulizwa kuhusu mashine, mimi naulizwa kuhusu mimi. Umeolewa? Mzee wako anajua? Madam, miguu imefanya nini? Kuna wale wa pikipiki wanaoniendesha sambamba kutoka Kondele mpaka karibu na uwanja wa Jomo Kenyatta wakinipigia honi, na hilo si jambo la kuchekelea, gurudumu la inchi nane na nusu likiingia kwa shimo ambalo pikipiki haijui hata kama lilikuwepo mtu anaruka mbele. Hii hali si mpya na si yetu peke yetu. Miaka ya 1890 huko Ulaya na Marekani wanawake walipoanza kupanda baiskeli walizomewa barabarani na kuna madaktari waliandika kwamba sura ya mwanamke itaharibika kwa kuendesha. Baiskeli ikashinda.

Na wanawake wenyewe? Hao ndio wamenishangaza. Kwa bodaboda nikiwa na sketi lazima nichague, nitanue miguu au nikae upande nikiomba Mungu, na kwa vyovyote vile niko mgongoni mwa mtu nisiyemjua. Kwa skuta nimesimama kama niko kwa foleni ya benki, sketi yangu ya ofisi iko sawa. Mama mmoja tunasali naye alinitazama nikishuka nje ya kanisa, nikajua sasa naletewa mahubiri, akanishika mkono akasema, "Nyathina, mwanangu, afadhali hii. Angalau hakuna mtu anakuomba namba ya simu njiani." Wasichana wa sekondari walikuwa wanasikiliza. Hakuna aliyeuliza chochote, lakini walijua alichosema.

Sasa nije kwa mzee wetu. Kuna mzee karibu na kwetu, alikuwa fundi wa reli zamani, jioni huketi nje na redio. Aliniona mara nyingi akanyamaza. Siku moja akaniita, nikasimama, nikamsalimia vizuri, akasema, "Mwanangu, hiyo kitu ni nzuri. Lakini nikuulize. Ukimkuta mama yako njiani amebeba mzigo, utafanyaje?" Nikamwambia nitashuka nitembee naye. Akasema, "Basi umefika na nini?" Hakuwa ananidharau. Alikuwa anataka kujua kweli, na mimi sikulala vizuri nikifikiria hilo jibu langu, kwa sababu huyo mzee alikuwa ameuliza swali lile lile la kila mtu lakini sasa likiwa na uso. Chombo kwetu si cha kukufikisha wewe tu. Ukiwa na chombo umekuwa mtu wa kuitwa, usiku, msibani, hospitalini, na asiyeweza kuitwa amejitoa kidogo kwa wengine hata kama hakukusudia.

Jibu lilitoka Kibuye na si mimi niliyeligundua. Jumapili soko likiwa limefurika hadi nje barabarani, nilipita kununua vitu nikiwa naikokota skuta mkononi, na mama ninayenunua kwake viazi alikuwa anangoja mtu wa mkokoteni ambaye hakuwa anafika. Akaangalia skuta. Hakuuliza inabeba wangapi, akauliza inabeba kilo ngapi. Nikamwambia mtu wa kilo mia. "Yawa, si ulete hapa." Akalaza gunia dogo kwa ule ubao, akalifunga kwa usukani na kamba ya manila mizunguko mitatu, akabana fundo na goti, akaniambia wewe shika breki mimi nisukume. Tukalitoa gunia mpaka kwa tuktuk nje ya soko, magurudumu yakilia kwenye kokoto, watu wakitupisha, na nilipoguza akselereta kidogo tu mota ikavuta, mama akaachilia mkono akasema "eee!" akatembea kando yake kama anayesindikiza ng'ombe wake mwenyewe. Akina mama wa pale wakasimama. Na maswali yakabadilika papo hapo, hii inauzwa wapi, inaweza kuwekwa gurudumu la tatu, ubao unaweza kuongezwa upana, mtu anaweza kulipa pole pole?

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira nzuri. Kwa sababu hii mota na hii betri zinaweza, tayari zimeweza, ni umbo tu ndio limefikiriwa na watu wanaoishi mahali mtu hutoka nyumbani na laptopu na kikombe cha kahawa. Sheria ya kodi ya 2023 iliweka baiskeli za umeme na betri za lithiamu kwenye kiwango cha sifuri cha VAT, watu wakafungua biashara, lakini karibu kila mtu alikimbilia pikipiki. Kati ya pikipiki na mkokoteni wa kusukumwa na kifua cha mtu kuna nafasi kubwa sana, na nafasi hiyo iko Kibuye kila Jumapili inangoja.

Polisi nao. Kwa raundabauti niliwahi kusimamishwa na afisa, mpole, akaizunguka akatafuta namba. "Namba iko wapi?" Haina. "Bima?" Haina. Akaniuliza mimi sheria inasemaje. Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, ni ya miaka ya 1950, imerekebishwa mara nyingi lakini ilipoandikwa hakuna aliyefikiria mota inayoingia ndani ya gurudumu. Akaniambia nivae helmeti, ninayo, nivae reflekta, ninayo, na nisiwasumbue watu wa miguu. Hiyo ya mwisho naiunga mkono kwa moyo wote. Zile njia nzuri za kutembea zilizojengwa tao wakati Kisumu inajiandaa kwa Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, Mei 2022, ulaini wake unavutia sana mtu wa magurudumu madogo, najua, lakini hizo si zangu. Humo kuna wazee, kuna mama na mtoto mgongoni, kuna wasioona wanaotembea na fimbo, na chombo kisicho na sauti kikikutokea nyuma kwa spidi ya baiskeli ni hatari.

Paris ndio mfano. Tarehe 2 Aprili 2023 walipiga kura kuhusu skuta za kukodisha, karibu asilimia 89 ya waliojitokeza wakasema ziondoke, na kufikia mwisho wa Agosti zikawa zimeondoka. Waliojitokeza hawakufika hata asilimia 8 ya wapiga kura, hiyo isemwe, na skuta za watu binafsi hazikuguswa. Lakini ukisikia malalamiko yao, ni skuta kulazwa ovyo kwenye njia, watu wawili juu ya moja, kupita katikati ya watembeao. Hawakukataa stima. Walikataa kusukumwa pembeni kwa mji wao wenyewe. Kisumu ikianza kuletewa za kukodisha, na zitaletwa, hilo ndilo nitaenda kusimama kwa mkutano wa kaunti kulisema.

Watoto ni wepesi kuliko sisi. Kuna kijana wa darasa la tano hivi, yeye ana skuta yake ya mbao na beringi, alilala kifudifudi kwa mchanga kuangalia gurudumu langu la mbele kwa muda mrefu, akainuka akasema, "Mota imekaa ndani ya tairi. Kwa hivyo ukitoa tairi umetoa injini." Nilishangaa, maana mafundi wazima wamenizungukia wakitafuta injini chini ya ubao.

Na jambo hilo hilo ndilo aliloliona ndugu mmoja wa pale karibu na soko la Jubilee, anatumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha na mikono, polio ilimshika miguu utotoni. Ana kibanda cha kutengeneza viatu. Kila jioni anapanda kurudi kwao na mikono yake, na anayejua Kisumu anajua ukitoka upande wa ziwa ni kupanda tu. Alinisimamisha. Hakuuliza bei wala wangapi. Aliuliza, "Hiyo gurudumu yako ya mbele, inaeza fungwa kwa hii yangu?"

Tulienda pamoja kwa fundi wa baiskeli Kibuye, yule anayenizibia panchari, kazi ambayo kwa hizi tairi ndogo humtoa jasho na spana mbili. Alipima foki ya mbele ya ile baiskeli kwa kipande cha waya, akaupinda kuweka alama, akauleta kwa gurudumu langu. Langu ni dogo sana halitafaa, lakini kuna mota za baiskeli za inchi 20 zinazokuja na spoku zake, wati 250, na betri ya volti 36 inaweza kukaa chini ya kiti ambapo sasa anaweka viatu vya wateja. Foki inahitaji kupanuliwa kidogo na kuongezewa chuma pale ekseli inaposhika ili mota isijizungushe yenyewe ikatoka. Breki zake za sasa hazitoshi, fundi alikuwa mkali sana kwa hilo, amesema hataifunga mota kabla hajaweka breki mpya nyuma pande zote mbili. Breki tumeshanunua. Mota tumeitafuta Nairobi, tumepata ya mtu aliyevunja baiskeli yake, tunabishana bei, na anayesoma hapa akijua inapouzwa kontrola, kile kifaa cha kuongoza mota, ya volti 36 bila kulazimishwa kununua seti nzima aniandikie.